Mwanza hadi Kigali kwa basi: wiki yetu ya AfroBasket ya wanawake 2023

Wadau, nimerudi wiki ya pili sasa ila kila nikikaa niandike linatokea jambo. Hii nimeiunganisha kutoka kwenye daftari na picha za simu, bei nyingi niliziandika palepale kwa hiyo ziaminini (ni za 2023), masaa ndo yanaweza kupishana kidogo.

Kwa msionifahamu, mimi nafundisha mabinti basketi pale Mirongo jioni, kwa kujitolea tu. Mwaka 2023 kombe la Afrika la wanawake lilikuwa Kigali, 28 Julai hadi 5 Agosti, timu 12, Tanzania hatukuwemo na hilo linaniuma mpaka leo. Lakini Kigali kutoka Mwanza ni karibu, ni kama nusu tu ya njia ya kwenda Dar, nkasema nikikosa hii sitajisamehe. Nikamchukua binti wa kaka yangu, ana miaka 15, ndo mchezaji wangu mrefu kuliko wote na ndo ambaye nyumbani wanamwambia kila siku aache mambo ya kiume. Aliwahi kuniuliza, shangazi, hivi kuna makocha wengine wanawake au uko peke yako? Nikamjibu wapo wengi. Akasema sijawaona. Basi.

SIKU YA 1, Jumatatu. Nyegezi hadi Benako

Stendi ya Nyegezi saa 11 na nusu alfajiri, basi la kuondoka saa 12 likaondoka saa 1 na robo. Nauli hadi Benako, kabla ya mpaka wa Rwanda, 30,000 kila mtu. Kigongo, pa kuvukia ziwa, foleni ya magari ilikuwa ndefu, wakati ule daraja lilikuwa halijafunguliwa, abiria tunashuka tunapanda kivuko kwa miguu, 400, huku pembeni nguzo za daraja jipya zimesimama ziwani kama vidole. Binti akawa anazihesabu mpaka tukafika Busisi. Pale usiache kula sato wa kukaanga, 5,000 na ndizi mbili, anatoka kwenye mafuta mbele yako, mkia bado unachechema.

Sengerema, Geita, Katoro, Bwanga, hakuna cha kusimulia zaidi ya mananasi, tulinunua mawili kwa 3,000 na bus zima likanukia nanasi hadi Runzewe.

Baada ya Lusahunga ndo mateso yakaanza. Barabara mashimo, malori ya transiti yanapishana kwa kuvizia, vumbi linaingia hadi kwenye meno. Saa 11 jioni tairi la nyuma likapasuka, spea ipo lakini jeki haipo. Tukakaa chini ya mti karibu masaa mawili na nusu. Aliyetuokoa ni dereva wa lori mmoja, anarudi Kigali na kontena kutoka bandari ya Dar, alisimama mwenyewe bila kusimamishwa, akatoa jeki yake, akavua shati akalala chini na yule kondakta wetu mpaka wakamaliza. Abiria wakachanga hela wampe akakataa, akasema leo kwenu kesho kwangu, akachukua kipande cha nanasi tu akaondoka nacho anakula huku anaendesha.

Benako tukafika saa 3 usiku na baridi ambayo mtu wa Mwanza haijui. Gesti 20,000, vitanda viwili, maji ya moto kwa ndoo. Mama ntilie wa nje alikuwa ameshafunika vyungu, alipoona binti anatetemeka akafunua tena, akatupa wali maharage na chai ya tangawizi, halafu akaingia ndani akatoka na blanketi lake. Akasema mtanirudishia asubuhi. Hatujui jina lake wala yeye letu.

Kwa wanaokuja: beba sweta, na usipange kufika Kigali siku hiyohiyo kwa kuunga magari. Ukifika mapema ni bahati yako, ukichelewa lala Benako.

SIKU YA 2, Jumanne. Rusumo

Noah hadi mpakani 4,000 kila mtu, tulikuwa watu 9. Rusumo unavuka daraja kwanza, chini yako mto Kagera unaanguka kwa kelele na pembeni ndo ule mradi wa umeme wa megawati 80 wa Tanzania, Rwanda na Burundi. Ukishavuka, mnagongewa mihuri yote miwili kwenye jengo moja upande wa Rwanda, Mtanzania na Mnyarwanda wamekaa dirisha kwa dirisha. Inaenda haraka kama karatasi zimekamilika.

Sikilizeni hapa maana niliona mama mmoja anarudishwa analia. Mkenya na Mganda wanaingia Rwanda na kitambulisho chao cha taifa, sisi Watanzania BADO, unahitaji pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria. Ya binti niliichukulia Uhamiaji Mwanza kabla ya safari. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano waliiomba. Na kwa mtoto beba barua ya wazazi, mimi nilikuwa nayo imesainiwa na kaka na wifi, afisa aliisoma yote hadi mwisho, akamuuliza binti kwa Kiswahili unaenda kufanya nini Kigali? Binti akajibu kuangalia mpira wa kikapu wa wanawake. Afisa akatabasamu, akagonga muhuri, akamwambia mshangilie na sisi basi.

Mifuko ya plastiki wanatoa kwenye begi, hata ile laini ya kufungia maandazi. Maandazi yetu yakahamia kwenye bahasha ya kaki. Kubadili hela, wale wa mpakani walinipa faranga 450 kwa kila 1,000 yetu, mjini ningepata zaidi kidogo, kwa hiyo badili ya nauli na chakula tu.

Coaster hadi Kigali faranga 4,000. Magari yanapita kulia, binti saa nzima alikuwa anafumba macho kila tukipishana na gari. Kibungo, Kayonza, Rwamagana, milima na migomba, barabara imepigwa lami utadhani zulia, hakuna shimo hata moja tuliloruka. Halafu kumbukeni Rwanda wako nyuma yetu saa moja. Simu ya kitochi haijirekebishi yenyewe.

Tulilala Nyamirambo, na nawashauri hivyohivyo, ndo mtaa wa Waislamu na Waswahili wa Kigali tangu zamani, dukani, msikitini, saluni, Kiswahili kinapita. Gesti faranga 15,000 kwa usiku, mwenyewe mama mtu mzima ambaye wazazi wake walikimbilia Karagwe, kazaliwa kwetu, kasoma kwetu, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha Kagera kabisa. Akaniita dada kuanzia dakika ya kwanza na binti akamwita mwanangu. Jioni alituletea isombe, ni kisamvu hiki hiki ila kimetwangwa laini na kina karanga, na bakuli la ikivuguto, maziwa ya mgando. Bei hakutaja.

KATIKATI YA WIKI. Robo fainali

Laini ya simu nilisajili kwa pasipoti, kisha tiketi unanunua kwa simu, unalipa kwa MoMo, pesa za simu za kule, inakuja picha ya mistari unaiskanisha mlangoni. Viti vya juu kabisa bei yake tulikuwa tunaimudu bila shida. Siku ya fainali zinaisha mapema, nunua kabla.

Usafiri: basi la kulipia kwa kadi hadi mjini halafu lingine hadi Remera, bei ndogo sana ila jioni foleni ya abiria inazunguka. Pikipiki ni haraka, lakini kule hakuna mishikaki, abiria mmoja tu na helmeti lazima avae, kwa hiyo mkiwa wawili mnakodi mbili. Kutoka Nyamirambo tulilipa 1,500 kila moja.

BK Arena imekaa Remera jirani na uwanja wa Amahoro, ambao ulikuwa umezungushiwa mabati unajengwa upya. Inachukua watu 10,000. Nimewahi kuiona kwenye tivi mara nyingi, lakini ile unatoka kwenye korido yenye giza ghafla mbao ile inang'aa chini yako, taa zote zimeelekea katikati, nilisimama mlangoni mpaka watu wa nyuma wakanisukuma taratibu. Binti hakusema kitu. Alinishika mkono tu kama alivyokuwa na miaka minne.

Mechi ya kwanza tuliyoona ni robo fainali ya Nigeria, watu walikuwa wachache, nusu ya viti mitupu. Kijana wa usalama wa kule juu alimwona binti anaandika kwenye daftari, akauliza anaandika nini, nikamwambia anachora mizunguko ya wachezaji, ni mchezaji. Akaangalia huku na huku, akatupeleka chini, safu ya nne nyuma ya benchi. Akasema mwenye kiti akija mtasimama. Hakuja.

Kutoka pale unasikia vitu ambavyo tivi haikupi. Viatu vinavyolia kwenye mbao, si mlio mmoja, kila mchezaji na wake. Wanavyoongea! Mabinti wangu Mirongo nawaambia kila siku ongeeni kwenye ulinzi, wanaona aibu. Hawa wanapiga kelele muda wote, kulia kwako, nimemshika, badilisha, rudi, hata aliye benchi anapiga kelele. Mmoja wa akiba alikuwa anajifunga plasta ya kifundo, anaivuta kwa meno, anazungusha, anakata, macho hayatoki uwanjani, na bado anaita majina ya wenzake.

Na kocha wao ni mwanamke. Rena Wakama, alikuwa na miaka 31, walimpa timu mwaka huohuo. Alisimama pembeni ya mstari karibu mechi nzima, mikono imefungwa, wakiita timauti wale wanawake warefu wote wanainama kumsikiliza yeye. Binti akanigusa kiwiko. Shangazi, huyo ndo kocha mkuu au msaidizi? Nikamwambia mkuu. Akaandika.

Halafu ikaja Rwanda na Uganda. Jamani. Sijawahi kusikia kelele zile. Rwanda ilikuwa haijawahi kufika nusu fainali ya mashindano haya maishani mwake, na aliyesimama mlangoni ni jirani. Mimi kwa kuwa tunagawana ziwa moyo ulikuwa unaenda Uganda, binti yeye alishakumbuka ahadi yake ya mpakani. Uganda walikuwa na Jane Asinde, mwanamke anaingia chini ya kikapu akiwa amezungukwa na watu watatu na bado anapata mtupo wake, kila akigusa mpira uwanja mzima unashusha pumzi. Rwanda wakajibu na Destiny Philoxy, mfupi ukilinganisha na wenzake lakini mpira unamtii. Ilikaza hadi robo ya nne, mzee mmoja pembeni yangu aliacha kuangalia kabisa, kainamia magoti anasikiliza tu kelele, akisikia shangwe anauliza ni sisi? Ni sisi? Rwanda wakashinda. Yule mzee akainuka akanikumbatia, sijui alikuwa nani, analia, akaniambia kitu kwa Kinyarwanda ambacho sikukielewa na sikuhitaji kutafsiriwa.

Usiku ule Remera yote ilikuwa barabarani, honi hadi saa 6. Mabrosheti ya mbuzi na mizuzu ya kukaanga, faranga 3,500 tukashiba wawili.

ALHAMISI. Viatu

Siku hii hatukwenda uwanjani. Asubuhi tulienda makumbusho ya mauaji ya kimbari pale Gisozi, hakuna kiingilio, na ile sitaiandika hapa kwa haraka haraka, nendeni wenyewe na mtenge nusu siku.

Jioni tukaenda Club Rafiki, hapohapo Nyamirambo, wana uwanja wa basketi umepakwa rangi vizuri na watoto wamejaa. Mabinti wa pale wakamwita binti aingie. Dakika ya tano soli ya kiatu chake cha kulia ikabanduka yote, ikabaki imening'inia kisigino. Nilimwona uso ulivyobadilika, maana ndo jozi pekee aliyo nayo na bado siku mbili. Binti mmoja wa pale akavua vyake, akampa, akakaa chini peku kusubiri. Mimi nikachukua kile kibovu nikashuka nacho kwa fundi viatu wa kona, mzee mwenye kofia. Akakigeuza, akakuna gundi ya zamani kwa kipande cha msumeno, akapaka mpya, akapuliza, akasubiri, halafu akakishona kwa uzi wa nailoni kuzunguka chote, sindano inaingia inatoka mishono ileile kama cherehani. Tuliongea Kiswahili muda wote, aliwahi kufanya kazi Bukoba. Nikauliza bei, akauliza cha nani. Nikamweleza. Akasema 500, ya gundi tu.

Nilivyorudi uwanjani walikuwa wamebadilishana viatu zamu kwa zamu, kila dakika kumi anakaa mmoja.

IJUMAA. Nusu fainali

Ilikuwa Umuganura, sikukuu yao ya mavuno ya kila Ijumaa ya kwanza ya Agosti, maduka mengi yamefungwa kwa hiyo kama una shida ya hela au vocha maliza Alhamisi. Mama mwenye gesti alitulisha mahindi na maboga, akasema leo hakuna mtu anakula peke yake.

Rwanda na Nigeria. Uwanja ulijaa kuanzia mapema. Tulikaa na kundi la vijana wa Goma, timu yao ya Kongo ilishatoka siku nyingi lakini walibaki, mmoja akaniambia nyumbani vita, hapa angalau tunapiga kelele ya furaha. Wanijeria waliwakaba Rwanda uwanja mzima, kuanzia mpira unapoingizwa, Bella Murekatete akipata mpira chini tayari ana watu wawili mgongoni. Tofauti ikavuka 20 na haikurudi. Kijana wa Goma akashika kichwa, “njo vile mama, mupira haina huruma.” Lakini filimbi ya mwisho ilipolia hakuna aliyeondoka. Watu wote walisimama wakawapigia makofi wale mabinti mpaka wakaingia ndani. Wamefungwa vibaya nyumbani kwao na uwanja mzima umesimama! Mimi hapo ndo nililia.

Kwenye foleni ya kutoka tuliongea na dada mmoja wa Nigeria anayefanya kazi Kigali. Akatueleza kuwa mwaka 2022 serikali yao iliiondoa timu kwenye mashindano ya kimataifa, wakakosa Kombe la Dunia la Sydney na nafasi yao wakapewa Mali. Wachezaji wamekaa na hilo jambo mwaka mzima. Nikaelewa ule ukabaji.

JUMAMOSI. Fainali

Kwanza Mali na Rwanda kugombea nafasi ya tatu, Mali wakaichukua, Rwanda ya nne, kwao ni kubwa kuliko yote waliyowahi kupata.

Fainali Nigeria na Senegal. Senegal ndo wenye makombe mengi kuliko wote, 11, ila la mwisho ni 2015, na Nigeria ndo waliowafunga kwenye fainali ya 2017 na ya 2019, tena ile ya 2019 ni palepale Dakar. Wasenegali walikuja na ngoma zao, hazikunyamaza hata kwenye timauti. Cierra Dillard wao alikuwa anapiga mitupo ya pointi tatu kutoka mbali mpaka watu wanacheka kwa mshangao. Ila Amy Okonkwo wa Nigeria, huyo ukimpa nafasi ya mkono mmoja umekwisha. Mwisho 84 kwa 74, Nigeria bingwa mara ya nne mfululizo, Okonkwo mchezaji bora wa mashindano. Na Wakama akawa mwanamke wa kwanza kulitwaa hili kombe akiwa kocha. Mashindano haya yameanza miaka ya 60.

Wachezaji walimbeba. Binti alikuwa amesimama juu ya kiti, daftari liko kifuani, hakuwa anaandika tena.

JUMAPILI na JUMATATU. Kurudi

Mama wa gesti hakukubali hela ya siku ya mwisho na akatufungia chapati kwenye khanga, khanga akasema ni ya binti. Stendi ya Nyabugogo saa 12 asubuhi, Rusumo saa 4 ya kwao, Benako tukapita kumsalimia yule mama wa blanketi na kumpa kahawa ya Rwanda, akashtuka kwamba tumemkumbuka. Magari ya kuunga hadi Geita, tukalala pale, 25,000, hakuna la kusimulia.

Kwa jumla watu wawili kwa siku nane nilitumia kama laki sita na nusu, tiketi zote, hati ya binti na malazi humohumo. Nilianza kuweka kidogo kidogo tangu Januari.

Asubuhi Busisi kivuko kilichelewa kama kawaida. Nikamtafuta binti simwoni, kumbe kachuchumaa pembeni ya muuza soda, kaokota visoda vitano vyekundu kavipanga sakafuni, anavisogeza kimoja kimoja, anaangalia daftari, anavirudisha. Mama wa soda akamwangalia kwa muda, akauliza ni bao? Akamwambia ni mpira wa kikapu, hawa Nigeria wanakaba. Yule mama akachukua kopo lake la visoda, akachagua vingine vitano vya kijani, akamwekea mbele yake, akasema sasa watamkaba nani. Tulishuka Kigongo amevishika vyote kumi kwenye kona ya khanga, na robo ya pili walikuwa hawajaimaliza.